Mimea na Ugonjwa wa Kutetemeka: Upupu, Kahawa na Majani ya Mstafeli

Tangu tulipougusia ugonjwa wa Parkinson katika toleo lililopita, barua za wasomaji zimekuwa zikitufikia kutoka Mbale hadi Arua, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: je, kuna mmea unaoweza kuukinga ubongo usipatwe na ugonjwa huu, au kuuzuia usiendelee kwa mtu aliyekwisha kuupata? Nimechagua barua sita. Majina ya waandishi tumeyahifadhi.

*Swali: Baba yangu ana umri wa miaka 67 na ni mkulima wa kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Mwaka juzi mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka akiwa ametulia, kisha hatua zake zikawa fupi, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyenuna hata anapofurahi. Hospitalini waliuita ugonjwa wa Parkinson wakamwandikia vidonge vya levodopa. Sasa mjomba amemletea unga wa mbegu za upupu na kumwambia aviache vidonge, kwa sababu unga huo ni dawa ile ile, ila ni ya asili na haina madhara. Je, kuna ukweli? (Mtoto wa mkulima, Mbale)*

Jibu: Ndugu yangu, poleni kwa kumuuguza mzee. Mjomba wenu amesema jambo moja la kweli akalichanganya na mawili ya hatari, na ndiyo maana maneno yake yanashawishi.

La kweli ni hili. Ndani kabisa ya ubongo, juu kwenye shina lake, kuna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi ambayo seli zake hutengeneza kemikali iitwayo dopamini, na kemikali hiyo ndiyo inayoviwezesha viungo kutii upesi na kwa ulaini pale mtu anapotaka kusogea. Katika ugonjwa huu, ambao daktari James Parkinson wa London aliueleza mwaka 1817, seli hizo hufa polepole kwa miaka mingi, na ndani ya zile zinazobaki hujikusanya madonge ya protini iitwayo alfa-sinukleini. Kufikia siku ambayo familia inaona mkono unatetemeka, sehemu kubwa ya seli hizo imekwisha kupotea. Dopamini yenyewe haisaidii ikimezwa, kwa kuwa kuta za mishipa ya damu ya ubongo haziipitishi. Lakini levodopa, ambayo ni malighafi yake, hupita, na ikishafika ndani hugeuzwa kuwa dopamini.

Levodopa hiyo imo katika mimea. Mwaka 1913 mkemia Marcus Guggenheim, aliyekuwa akifanya kazi Uswisi, aliitoa katika maharage makubwa ambayo Wasudani huyaita ful, akajaribu kumeza gramu mbili na nusu yeye mwenyewe, akatapika vibaya. Mwaka 1937 watafiti wa India waliikuta pia katika mbegu za upupu, mmea ule ule ambao vinyweleo vya maganda yake humfanya mtoto ajikune hadi alie, na ambao baadhi ya wakulima wetu huupanda ili kuurutubisha udongo uliochoka. Kwa wastani mbegu zake zina levodopa ya kati ya asilimia 3 na 6 ya uzito wake, ingawa kiasi hubadilika kwa aina ya mbegu na mahali ilipoota. Waganga wa Ayurveda huko India walikuwa wakiwapa upupu watu wanaotetemeka karne nyingi kabla ya mtu yeyote kulijua neno dopamini. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba upupu ni uzushi.

Hatari ya kwanza imo katika maneno "dawa ile ile". Kidonge cha baba yako hakina levodopa peke yake. Karibu daima huchanganywa na kitu cha pili, mara nyingi kabidopa, ambacho kazi yake ni kuizuia levodopa isigeuzwe kuwa dopamini tumboni na kwenye damu kabla haijafika kwenye ubongo. Bila kizuizi hicho mgonjwa hupata yale yaliyompata Guggenheim: kichefuchefu, kutapika, na shinikizo la damu kushuka anaposimama. Upupu hauna kabidopa.

Jambo hili halikubaki nadharia. Huko Bolivia, ambako wagonjwa wengi hawamudu bei ya vidonge, madaktari waliwapa wagonjwa 18 unga wa mbegu za upupu zilizokaangwa na kusagwa, wakalinganisha na dawa ya kawaida, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba dozi moja moja ya upupu iliwafungua viungo sawasawa na kidonge, tena bila kuwazidishia mienendo ya kujinyonganyonga ambayo levodopa huileta. Hizo ni habari njema, na nazipokea kwa furaha. Lakini watafiti hao hao walipowapa wagonjwa 14 unga huo kila siku, katika jaribio la wiki 16 lililochapishwa mwaka 2018, saba kati yao walilazimika kuuacha: wanne kwa sababu ya matatizo ya tumbo na watatu kwa sababu mwendo wao ulizidi kuharibika. Hakuna aliyeviacha vidonge vya kawaida. Nusu ya wagonjwa kushindwa si jambo dogo, nao walikuwa wakipimiwa dozi na madaktari bingwa, si kwa kijiko cha jikoni.

Hatari ya pili ni kuacha vidonge ghafla. Mgonjwa aliyezoea levodopa akikatiziwa kwa siku moja, mwili unaweza kukakamaa wote, homa ikapanda na fahamu zikavurugika, na hali hiyo huweza kuua. Nakusihi usiruhusu jambo hilo litokee nyumbani kwenu. Vilevile asivitumie vyote viwili bila daktari kujua, kwa maana hiyo ni levodopa juu ya levodopa, na anaweza kuanza kuona vitu visivyokuwapo au kuanguka kwa shinikizo la damu lililoshuka. Ikiwa tatizo halisi ni bei ya vidonge, au duka la dawa la karibu kukosa dawa mara kwa mara, mwambieni daktari waziwazi, kwa sababu dawa hiyo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na ni vyema kupanga mapema namna ya kuipata kuliko kungoja iishe.

Nimalizie kwa jambo ambalo mjomba hakulitaja. Levodopa, iwe ya kidonge au ya upupu, hufidia dopamini iliyopungua. Haizikingi seli zinazoendelea kufa. Mzee atatembea vizuri zaidi leo, na hilo ni jambo kubwa mno kwa mtu anayetaka kulifikia shamba lake, lakini ugonjwa wenyewe utaendelea chini kwa chini. Hadi sasa hakuna dawa, ya mmea wala ya kiwandani, iliyothibitishwa kwa binadamu kwamba inasimamisha mwendo huo. Muuzaji yeyote anayeandika neno "kinga" kwenye chupa yake anadai kitu ambacho wanasayansi wa dunia nzima bado wanakitafuta.

*Swali: Mama yangu aliugua Parkinson kwa miaka tisa kabla ya kufariki. Mimi nina miaka 45, ni mwanamume, na nimesoma kwamba kahawa huzuia ugonjwa huu. Hapa Masaka kahawa ni yetu, lakini sisi wenyewe hatuinywi sana. Je, nianze kunywa, na ninywe vikombe vingapi? (Mkulima, Masaka)*

Jibu: Pole kwa kumpoteza mama. Nianze kwa kukutuliza: mara nyingi ugonjwa huu hauwi wa kurithi moja kwa moja, na kuugua kwa mama hakumaanishi kwamba nawe lazima utaugua, ingawa uwezekano wako huongezeka kidogo.

Habari ya kahawa ina msingi mzuri kuliko habari nyingi za mimea. Huko Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, wanaume 8,004 wenye asili ya Japani walifuatiliwa kwa miaka 30, na matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Wanaume 102 waliugua Parkinson. Wale ambao hawakunywa kahawa kabisa waliugua kwa kiwango kilichokaribia mara tano ya kile cha waliokunywa kwa wingi zaidi, yaani takriban mililita 800 au zaidi kwa siku. Ilipochambuliwa zaidi, kafeini ndiyo iliyoonekana kuhusika, wala si sukari au maziwa yaliyotiwa. Tafiti nyingine zilizofuata Marekani na Ulaya zilielekea upande huo huo kwa wanaume, ila kwa wanawake waliokuwa wakitumia homoni baada ya kukoma hedhi uhusiano huo ulififia.

Tena kuna njia inayoeleweka. Kafeini huziba vipokezi vya kemikali iitwayo adenosini, ambavyo katika sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo hufanya kazi kinyume na dopamini. Kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyozaa dawa ya istradefilini, iliyoidhinishwa Japani mwaka 2013 na Marekani mwaka 2019 kwa ajili ya dalili za Parkinson.

Hata hivyo, wagonjwa 121 waliokwisha kuugua walipopewa vidonge vya kafeini au vidonge visivyo na dawa, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, waliopewa kafeini hawakupata nafuu yoyote katika mwendo wao. Zaidi ya hayo, kumfuatilia mnywaji wa kahawa kwa miaka 30 si sawa na kumpa mtu kahawa kwa makusudi ili kuona kama ataepuka ugonjwa. Huenda seli za dopamini zinapoanza kupungua, miaka mingi kabla ya mtetemeko, mtu hupoteza hamu ya vitu vinavyochangamsha, ikiwamo kahawa. Hapo kutokunywa kutakuwa dalili ya mapema na si chanzo. Sina hakika kwamba hayo ndiyo maelezo yote, na kwa maoni yangu kahawa inastahili kuchunguzwa kuliko karibu kila mmea mwingine nitakaoutaja leo, lakini huo bado ni uhusiano, haujawa kinga.

Kwa hiyo kunywa ukiipenda. Kumbuka tu kwamba kahawa yenu ya Masaka ni robusta, ambayo ina kafeini karibu mara mbili ya ile ya arabika inayolimwa Mlima Elgon, hivyo vikombe vinavyohesabiwa katika vitabu vya ng'ambo si vikombe vyako. Mtu mwenye shinikizo la juu la damu, mapigo ya moyo yasiyo sawa au usingizi mbovu asijilazimishe. Wazee wetu waliitafuna kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, wakawakaribisha nayo wageni na hata kufungia undugu wa damu. Heshima hiyo inaitosha kahawa hata kabla haijawa dawa.

*Swali: Huku kwetu wazee wanasema mvuta tumbaku hatetemeki. Je, ni kweli? (Kijana, Arua)*

Jibu: Ni kweli kwamba tafiti nyingi zimekuta wavutaji wachache zaidi miongoni mwa wagonjwa wa Parkinson, na nikotini, ambayo ni kemikali ya mmea wa tumbaku, ilidhaniwa kuwa ndiyo kinga yenyewe. Ikajaribiwa ipasavyo: wagonjwa 162 wa Ujerumani na Marekani, waliokuwa katika hatua za mwanzo, walibandikwa plasta za nikotini au plasta tupu kwa mwaka mmoja, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba nikotini haikuupunguza mwendo wa ugonjwa. Tumbaku inaua kwa saratani, moyo na mapafu. Usivute, na wazee waambie hivyo kwa adabu.

*Swali: Assalaam alaykum. Mama mkwe wangu ana miaka 72. Mwili wake umekakamaa, huanguka kinyumenyume, na macho yake hayashuki vizuri anapotazama chini. Vidonge vya Parkinson havimsaidii. Kwa miaka mingi amekuwa akinywa kila siku maji ya majani ya mstafeli, kwa sababu aliambiwa yanazuia saratani. Majirani wanasema huu ni obuko na kwamba mimi ndiye niliyeuleta. Naomba mnisaidie. (Mkwe, Bombo)*

Jibu: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, nami nitaanza na lile linalokuumiza zaidi. Obuko, kwa imani ya Kiganda, ni mtetemeko unaompata mtu kwa kuvunjwa mwiko wa kujitenga kati ya mkwe na mama mkwe. Desturi ya heshima ni jambo jema, lakini ugonjwa huu hauletwi na mkwe. Umeenea duniani kote, hata kwa watu wasioujua mwiko huo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa nao. Kuna chama cha wagonjwa hapa nchini kinachojiita Parkinson's Si Buko Uganda, na jina hilo lilichaguliwa kwa makusudi ili kukuondolea wewe na wenzako lawama hiyo. Hujamdhuru mama yako.

Sasa mstafeli. Katika kisiwa cha Guadeloupe, kilicho chini ya Ufaransa katika bahari ya Karibi, madaktari walishangazwa na aina ya wagonjwa waliokuwa wakiwapokea. Kati ya watu 87 waliochunguzwa na kuripotiwa mwaka 1999, ni 22 tu waliokuwa na Parkinson ya kawaida. Wengi wa waliosalia walikuwa na magonjwa yanayofanana nayo lakini yasiyosikia levodopa: kuanguka mapema, macho kushindwa kuteremka, akili kupungua kasi. Walipoulizwa kuhusu vyakula na vinywaji vyao, ilibainika kwamba walikuwa wakila matunda ya jamii ya stafeli na kunywa maji ya majani yake kwa wingi kuliko watu wengine. Baadaye ilipatikana katika mmea huo kemikali iitwayo anonasini, ambayo huzinyima seli nguvu kwa kuziba mashine ndogo za nishati zilizo ndani yake, yaani mitokondria. Panya waliodungwa kemikali hiyo kwa siku 28 walipoteza seli za ubongo.

Haijathibitishwa kwamba mstafeli ndio uliosababisha ugonjwa wa watu wa Guadeloupe, na wala sisemi kwamba ndio uliomwangusha mama yako, kwa sababu kuna wazee wengi wenye dalili kama zake ambao hawajawahi kulionja jani hilo. Lakini hakuna jaribio lolote kwa binadamu lililoonyesha kwamba maji hayo yanazuia saratani, na kuna sababu nzito ya kuyaogopa kwa mtu mwenye ugonjwa wa ubongo. Ayaache leo. Stafeli moja lililoiva linaloliwa mara chache kwa mwaka silipigi vita. Ninachokiogopa ni majani yanayochemshwa kila siku kwa miaka. Kisha mpelekeni kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, mkieleza kwa kirefu kuanguka kinyumenyume na habari ya macho, kwa kuwa hayo mawili humwelekeza daktari kwenye jina sahihi la ugonjwa. Chukueni pia orodha ya dawa zake zote. Baadhi ya dawa za kuzuia kutapika kama metoklopramidi na za magonjwa ya akili kama haloperidoli huleta kukakamaa na mtetemeko zenyewe, na hali hiyo mara nyingi hupungua dawa ikibadilishwa.

Niongeze habari ya mmea mwingine, kwa sababu barua yako imenikumbusha jinsi tunavyoliamini neno "asili". Utupa, ambao wavuvi wa zamani waliuponda na kuutia majini ili kuwalevya samaki, na ambao baadhi ya wakulima huupanda kuwafukuza fuko, una kemikali iitwayo rotenoni. Kwa miaka mingi rotenoni iliuzwa kama dawa ya wadudu ya asili. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya wanaopewa rotenoni kwa muda mrefu hupoteza seli zile zile za dopamini, na mwaka 2011 uchunguzi wa wakulima wa Marekani ulikuta kwamba waliotumia rotenoni, na vilevile waliotumia kiua magugu cha parakwati, walikuwa na uwezekano wa kupata Parkinson takriban mara mbili na nusu ya wenzao. Shamba lile lile linaloota upupu linaota utupa.

*Swali: Mimi ni mwanafunzi wa famasia. Nimesoma makala nyingi zinazoonyesha kwamba manjano, chai ya kijani na mimea mingine hukinga seli za dopamini kwenye panya. Kwa nini hakuna hata mmoja uliokuwa dawa ya kinga kwa binadamu? (Mwanafunzi, Mbarara)*

Jibu: Mwanangu, hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na natamani ulibebe hadi siku utakapokuwa na maabara yako.

Tazama kwanza jinsi panya anavyougua. Huyo panya hana Parkinson. Amepewa sumu, mara nyingi kwa siku chache, na katika tafiti nyingi dondoo la mmea hutolewa kabla ya sumu au pamoja nayo. Mmea wowote wenye uwezo wa kuzimisha kemikali haribifu utaonekana shujaa hapo. Mgonjwa wetu hufika hospitalini akiwa ameugua kimyakimya kwa miaka mingi, tena ugonjwa wake umejengwa na uzee, protini iliyojikunja vibaya, na labda sumu za shambani, vyote pamoja. Kumkinga panya kabla ya pigo na kumwokoa mzee baada ya seli nyingi kufa ni kazi mbili tofauti.

Kisha uliza ni kiasi gani kinafika kwenye ubongo. Kurkumini, ambayo ndiyo rangi ya manjano, katika sahani ya maabara huyazuia madonge ya alfa-sinukleini yasijengeke, na ukisoma hayo moyo huruka. Lakini mtu akiimeza, sehemu kubwa haifyonzwi, na ile kidogo inayofyonzwa hubadilishwa na ini upesi na kutolewa. Kiasi kinachomiminwa juu ya seli maabara hakipatikani katika ubongo wa mtu hata akila manjano kila mlo. Ukisoma makala yoyote ya namna hiyo, angalia kwanza dozi, halafu angalia njia ya kuitoa, ndipo uusome muhtasari.

Chai ya kijani ilijaribiwa kwa watu. Dondoo lake kuu lilipewa wagonjwa wa ugonjwa ulio ndugu wa Parkinson, ambao nao hutokana na alfa-sinukleini. Washiriki 92 wa Ujerumani walifuatiliwa kwa wiki 48, na matokeo ya mwaka 2019 hayakuonyesha kwamba ugonjwa ulipungua kasi, ilhali baadhi ya waliopewa dondoo walipata madhara ya ini. Chai kikombeni haina dozi hiyo, lakini vidonge vya dondoo vinayo. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1993, vitamini E, ambayo nayo tunaipata katika mafuta ya mimea, ilishindwa mbele ya wagonjwa 800 wa Marekani na Kanada, ingawa kila mtu aliyejua habari za kemikali haribifu aliitegemea.

Sikuandikii haya ili kukuvunja moyo. Njia ambayo naiona ina matumaini ni kuanza mapema zaidi, kwa watu ambao bado hawajatetemeka lakini wamepoteza uwezo wa kunusa, wanafunga choo kwa miaka, au wanapiga mateke na kupiga kelele usingizini kana kwamba wanaiigiza ndoto. Dalili hizo, hasa hiyo ya mwisho, hutangulia ugonjwa kwa miaka mingi, na hapo ndipo neno kinga linaweza kuwa na maana. Nchini tunayo Taasisi ya Utafiti wa Dawa za Asili ya Wandegeya, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya Wizara ya Afya, na chuo chenu cha Mbarara kina watu wanaoijua mimea ya magharibi mwa nchi kwa majina na kwa kemia yake. Kinachokosekana zaidi ni kuwajua wagonjwa wenyewe. Wilayani Hai, kaskazini mwa Tanzania, watafiti walipopita nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu zaidi ya 160,000 waliwapata wagonjwa 33 wa Parkinson, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini. Shangazi yangu mwenyewe alikaa miaka sita hivyo hivyo, akisingiziwa uzee, kabla daktari mmoja kijana hajamwomba atembee hatua kumi akaona mkono mmoja hauchezi. Huwezi kuujaribu mmea kwa mgonjwa ambaye hujamtafuta.

Jambo la mwisho kwako: kama siku moja utaushughulikia upupu, fanya kazi isiyo na sifa. Pima levodopa katika mbegu za Iganga, za Gulu na za Kasese, zilizochemshwa na zilizokaangwa, za msimu huu na za mwaka jana, ili daktari ajue kijiko kimoja kina nini. Kazi hiyo ingewasaidia watu wasiomudu vidonge kuliko makala kumi za panya.

*Swali: Nimemtunza mume wangu mwenye Parkinson kwa miaka minne. Anapenda jambula (matunda ya mzambarau). Je, zinamsaidia? Na kuna chakula ninachopaswa kumnyima? (Mama, Jinja)*

Jibu: Dada yangu, rangi ya zambarau inayobaki kwenye ulimi wa mla jambula hutokana na antosiyanini, kemikali za kundi la flavonoidi ambazo pia zimo katika matunda madogo ya Ulaya na Marekani. Mwaka 2012 wachunguzi wa Marekani waliowafuatilia wanaume na wanawake karibu 130,000 kwa takriban miaka 20 waliripoti kwamba wanaume waliokula flavonoidi kwa wingi zaidi walikuwa na uwezekano wa kuugua Parkinson uliopungua kwa asilimia 40, na kwamba antosiyanini na matunda yenye rangi hiyo yalionekana kuhusika kwa wote. Huo nao ni uhusiano tu, kama ule wa kahawa, tena ulipimwa kwa watu kabla hawajaugua. Mpe jambula kwa sababu anazipenda na kwa sababu matunda, mboga za majani na maji ya kutosha humsaidia kupata choo, tatizo linalowatesa karibu wagonjwa wote.

Usimnyime chakula. Kitu cha kuangalia ni saa tu: levodopa na protini hugombea mlango mmoja wa kufyonzwa, hivyo kidonge kikimezwa pamoja na sahani ya maharage, nyama au samaki kinaweza kuchelewa au kudhoofika. Ampe tumbo nafasi, ameze kidonge nusu saa au zaidi kabla ya kula, na ikiwa kinamtia kichefuchefu, kipande cha mhogo au kiazi kitatosha kukisindikiza. Mlo mzito wa protini huwekwa vyema jioni. Mhimize atembee kila siku na kufanya mazoezi hadi atoke jasho, kwa kuwa hayo yana ushahidi wa kuuboresha mwendo wake kuliko tunda lolote.

Na jambula zenyewe mtolee kokwa kwanza, umpe nyama yake akiwa ameketi wima, kwa sababu ugonjwa huu hupunguza kasi ya kumeza na kokwa laini huteleza kooni kabla mtu hajawahi kuliwekea ulimi.